Waliowasukuma Wageni Mawimbini

Mwaka 1907 Jack London, mwandishi wa Marekani ambaye vitabu vyake vilikwisha kumpa jina na fedha, alitia nanga Hawaii na mashua yake ya matanga. Akashuka ufukwe wa Waikiki, akaona watoto wanapanda mawimbi kwa mbao ndogo, naye akachukua moja, akaingia. Wimbi likaja. Watoto wakajirusha kifudifudi juu ya mbao zao, wakachapa maji kwa miguu, haoo, wakaenda zao hadi mchangani. London akabaki palepale anachezesha miguu. Likaja jingine, ikawa vilevile. Alikuwa na miaka 31 na mwili wa mtu mzima, na ubao wa mtoto haukumweza. Aliyemtoa kwenye aibu ile ni Mmarekani mwenzake, Alexander Hume Ford, ambaye alimwambia autupe ubao huo kabla omo yake, ile ncha ya mbele, haijachimba chini na kumuumiza tumbo. Akampa wake, mrefu na mzito, akamlaza juu yake, akangoja wimbi zuri, akamsukuma.

Mimi nafundisha kuogelea Kigamboni, ng'ambo ya kivuko. Msimu wa kusi, bahari inapoumuka, hunijia vijana wawili watatu waliotazama video kwenye simu, wanataka ubao, na wanautaka mfupi wenye omo kali kama ule wa mabingwa. Ninayowaambia ni yaleyale ya Ford: ubao mkubwa. Naongeza kwamba wakae kwenye povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, walale kifudifudi siku nyingi kabla ya kufikiria kusimama, na wasikubali hata mara moja ubao uwe kati yao na wimbi. Ukisoma vijitabu vya shule za kupanda mawimbi utadhani maneno haya yaligunduliwa California juzi. Nani aliyeyasema kwanza?

London hatusaidii. Katika makala aliyoichapisha mwaka huohuo anasema Ford hakuwa na mtu wa kumfundisha, kwamba alihangaika peke yake wiki kadhaa mpaka akaelewa. Kila nikifika hapo naguna. Ufukwe ulijaa watoto, London mwenyewe amekwisha kutuonyesha walivyompita, na huko maji marefu alikuwapo George Freeth, kijana wa miaka 23 mwenye damu ya Kihawaii kwa upande wa mama, amesimama wima juu ya ubao. Eti hakuna mwalimu.

Walimu walikuwapo tangu karne nyingi. Luteni James King, ofisa wa msafara wa baharia Mwingereza James Cook, aliwaona wenyeji wa ghuba ya Kealakekua mwaka 1779 wakiingia baharini na mbao wakati wa mawimbi makubwa, wakipiga mbizi chini ya yale yanayokuja, kisha wakirudi nchi kavu kwa kasi ambayo yeye, baharia, aliiona ya kutisha. Haukuwa mchezo wa wavulana. Wanaume na wanawake walipanda pamoja. Kaahumanu, mke wa mfalme Kamehameha wa Kwanza, alisifika kwa hilo. Palikuwa na vyeo pia. Ubao mrefu kuliko zote, olo, ulikuwa wa machifu. Alaia, mwembamba na mfupi kidogo, ulikuwa wa kila mtu. Kisha palikuwa na paipo, ubao mdogo wa kulalia tumbo, na huo ndio watoto walioanza nao kwenye povu la karibu na mchanga.

Nimependa sana habari za jinsi mbao zile zilivyotengenezwa, maana baba yangu alikuwa mvuvi na nimekulia penye harufu ya mbao na mafuta. Miti iliyotumika ni koa, wiliwili ambao ni mwepesi mno, na mshelisheli, huuhuu tunaoujua Unguja na Pemba kwa tunda lake. Kabla ya kuuangusha mti, fundi aliweka samaki mwekundu aitwaye kumu penye shina kama sadaka. Gogo likachongwa kwa shoka la jiwe, likapelekwa kwenye banda la mitumbwi, likasuguliwa kwa kipande cha matumbawe hadi makovu ya shoka yaishe, halafu kwa jiwe laini zaidi. Likapakwa rangi nyeusi ya mizizi au ya masizi ya kokwa za mti wa kukui. Mwisho mafuta ya kukui, kama mafundi wetu wanavyoipaka mashua sifa ili maji yasiingie kwenye mti. Baada ya kutumika ubao ulianikwa, ukapakwa mafuta tena, ukafungwa kwa nguo ya magome na kuning'inizwa ndani ya nyumba. Vijana wangu huacha mbao juani siku nzima zikapasuka.

Bahari ikilala waliichapa kwa majani ya mmea utambaao mchangani wenye maua ya zambarau, huku wakiiimbia iinuke. Mmea huo uko pia kwenye fukwe zetu zote.

Lakini Hawaii haikuwa peke yake, na jambo hili watu wa Afrika tungepaswa kulijua zaidi. Katika miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam alikuwa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, na akaandika kwamba wazazi huko waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatia majini. Yeye aliona ni njia ya kuwafundisha kuogelea tu. Karibu karne mbili baadaye, katika miaka ya 1830, Mwingereza James Alexander akasimama ufukweni Accra akawaona wavulana wanaogelea kwenda mbali na mbao nyepesi chini ya matumbo, wanangoja wimbi, kisha wanarudi nalo kwa kasi. Mwanahistoria Kevin Dawson amezikusanya habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2018 na kuonyesha kwamba Waafrika wa magharibi waliubuni mchezo huu wenyewe, bila kumjua Mhawaii yeyote. Ushahidi wa Hemmersam ndio ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unamhusu anayeanza. Mzazi wa Pwani ya Dhahabu alimpa mtoto ubao ili aizoee bahari. Kuogelea na kupanda wimbi lilikuwa somo moja.

Hawaii somo hilo lilikaribia kufa. Mwaka 1778 Cook alipofika, wenyeji walikuwa laki tatu kwa makadirio ya chini ya wengi. Mwaka 1890 walibaki kama 40,000. Kaswende, surua, ndui na mafua viliwafagia. Ni desturi kuwalaumu wamisionari waliowasili 1820, na kweli hawakupendezwa na watu kucheza nusu uchi, tena wake kwa waume. Lakini mimi naona lawama kubwa ni ya maradhi. Mchezo unaofundishwa kwa kutazama wakubwa hauna pa kwenda wakubwa wakifa. Kisha utawala nao ukawaponyoka: mwaka 1893 wafanyabiashara wenye asili ya Marekani, wakisaidiwa na askari wa meli ya kivita, walimpindua malkia Liliuokalani, na mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa.

Mbegu haikufa. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme, ndugu wa tumbo moja waliokuwa wanasoma California, walichongesha mbao za mti wa redwood na kupanda mawimbi penye mlango wa mto San Lorenzo, mjini Santa Cruz. Watu wa mji wakaja kutazama. Wanafunzi wale ndio waliopeleka mchezo Marekani bara, miaka 22 kabla ya London kupata ubao wa kufaa.

Sasa turudi Waikiki, maana hapo ndipo kazi ya kufundisha mawimbi kwa malipo ilipozaliwa. Usiione Waikiki ya leo yenye maghorofa. Ilikuwa nchi ya majimaji: mashamba ya magimbi, majaruba ya mpunga, mabwawa ya samaki, vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Mwaka 1901 Hoteli ya Moana ikafunguliwa penye mchanga. Kati ya 1921 na 1928 serikali ikachimba mfereji wa Ala Wai, vijito vikakatwa, matope yaliyochimbwa yakafukia mashamba, ardhi ikawa ya viwanja. Mwaka 1927 ikaja hoteli kubwa ya waridi, Royal Hawaiian. Mtu ambaye babu yake alilima magimbi pale akabaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukipimia kiwanja: alijua bahari ile ilivyo chini, wapi kuna mwamba, wapi kuna mchanga, na wimbi lipi litabeba mtu.

Wenye ujuzi huo wakawa walimu wa wageni, wakaitwa beach boys. Mombasa na Malindi tunawajua kwa jina hilohilo, bichi boi. Unguja watu wana neno kali zaidi, papasi. Nawaomba wasomaji waliozoea kuwadharau vijana wa ufukweni wawatazame wa Waikiki. Kijana alipewa mgeni aliyekuja kwa meli, mara nyingi kwa wiki kadhaa, akamfundisha kuogelea, akampeleka mawimbini kwa mtumbwi, akamfundisha ubao, na jioni akampigia ukulele. Wengine, kama Chick Daniels na Panama Dave, walipata umaarufu kuliko wageni wenyewe.

Ufundi wao ulikuwa katika kusukuma. Nimeujaribu na kuuzoea, kwa hiyo naweza kuueleza. Mwalimu anasimama kwenye maji ya kiuno hadi kifua, uso umeelekea bahari kuu, mkono mmoja umeshika tezi, yaani nyuma ya ubao. Mwanafunzi amelala juu yake, kisogo kwa bahari, haoni kitu, na hilo ni jema, maana akiona ataruka. Mwalimu haangalii wimbi la kwanza. Anaangalia la nyuma yake, na la nyuma ya hilo, kwa kuwa mawimbi huja kwa makundi na la kwanza huwa halina nguvu. Anarekebisha mwili wa mwanafunzi: akilala mbele mno omo itazama, akilala nyuma mno ubao utakuwa breki. Vidole vya miguu vikigusa ukingo wa tezi, basi amekaa sawa. Povu linapofika umbali wa hatua chache mwalimu anaanza kutembea nalo, hausukumi ubao kwa kishindo, anaupa mwendo tu, ili wimbi likifika likute kitu kinachokwenda. Halafu anauachia. Makosa ya nusu sekunde yanatosha kumpindua mtu. Mgeni akifika mchangani huamini amepanda wimbi mwenyewe, na mwalimu mzuri humwacha aamini hivyo.

Mwaka 1908 Ford, yuleyule, aliunda klabu iitwayo Outrigger Canoe Club, akakodisha eneo karibu na Moana. Jina lenyewe ni la mtumbwi wenye matengo, ndugu ya ngalawa yetu; wataalamu wengi hukubali kwamba matengo ya ngalawa yaliletwa upande huu wa Bahari ya Hindi na mabaharia wa Kiaustronesia, watu wa asili moja na waliofika Hawaii. Klabu yenye jina la chombo cha wenyeji ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, ya wazungu. Wenyeji wakaunda yao, Hui Nalu, ambayo ilisajiliwa rasmi 1911. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Duke Kahanamoku, aliyezaliwa 1890.

Nitamwacha Duke kidogo, nimlete mwanafunzi ambaye nampenda kuliko wote: Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi. Mwaka 1922 yeye na mumewe Archie walizunguka dunia. Walianza kujifunza Afrika Kusini, Muizenberg, karibu na Cape Town, kwa vibao vyembamba vya kulalia tumbo. Agosti walifika Honolulu wakijihisi wataalamu. Mbao za Waikiki zilikuwa nzito, mawimbi yalivunjikia mbali, na kusimama kulikuwa jambo jingine kabisa. Ameeleza mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika: matumbawe yalimkata miguu mpaka akanunua viatu laini vya ngozi, nguo yake ya kuogelea ya hariri ikararuliwa na nguvu ya maji, ikabidi anunue ya sufu ya kijani dukani hotelini, mkono ukamuuma vibaya. Baada ya siku kama kumi akaanza kuweza kusimama. Ninampenda kwa sababu alianza tumboni, akaendelea, na hakuficha kwamba vitu vya kwanza alivyohitaji vilikuwa viatu na nguo. London yeye alikaa majini saa nyingi siku yake ya pili, akaungua jua hadi akalala kitandani hawezi kutembea.

Duke alifundisha dunia. Alishinda dhahabu ya mita 100 Stockholm 1912 na tena Antwerp 1920. Waaustralia walimwalika aogelee, akakuta hawana ubao, akachonga mmoja kwa msonobari wa pale Sydney, na mwanzoni mwa 1915, ufukwe wa Freshwater, akampandisha mbele yake msichana wa miaka 15, Isabel Letham. Wimbi lilipoinuka Isabel alihisi anatazama chini kutoka juu ya jabali. Duke akamkamata, akamsimamisha. Msichana yule alikuja kufundisha kuogelea San Francisco. Ubao bado upo Freshwater. Freeth naye alikwisha kuhamia California tangu 1907, akalipwa na tajiri wa reli kuwaonyesha watu mchezo, lakini kazi yake kubwa ikawa kufundisha kuogelea na kuokoa maisha. Desemba 1908, penye gati la Venice, alijitosa mara kadhaa kwenye dhoruba kuokoa wavuvi wa Kijapani, akapewa nishani na serikali ya Marekani. Alikufa kwa homa ya mafua 1919, umri miaka 35. Mwaka 1925 mashua ya Thelma ilipopinduka California, Duke alikwenda na kurudi kwa ubao wake akawatoa watu wanane peke yake.

Tazama hapo. Mabingwa wa kwanza wa ubao walikuwa kwanza waogeleaji, na ubao wao ulitumika kuokoa. Na hata hivyo bingwa wa Olimpiki alirudi Honolulu akatunza jengo la manispaa na kuendesha kituo cha mafuta, kabla ya kuchaguliwa kuwa sherifu wa kaunti.

Baada ya Vita vya Pili mambo yalikwenda mbio. Mbao nzito zikaachwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 povu gumu la plastiki likachukua nafasi ya mti. Msichana mwembamba akaweza kubeba ubao kwapani. Filamu ya Gidget ya 1959 ikajaza fukwe za California vijana. Kisha mwaka 1971 Pat O'Neill wa Santa Cruz akajifunga kamba ya mpira kutoka ubaoni, watu wakamcheka. Baba yake, Jack, alipoteza jicho la kushoto ubao uliporudishwa na kamba kama hiyo. Kamba ikaboreshwa, ikafungwa kifundoni, na leo ni wachache wanaoingia bila hiyo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopoteza somo la Pwani ya Dhahabu. Kabla ya kamba, aliyeanguka aliogelea mpaka mchangani kuufuata ubao wake. Asiyejua kuogelea hakuthubutu kwenda mbali. Sasa mtu anafungwa ubao unaoelea, anasukumwa, anapiga picha, na hajui kuelea dakika mbili. Kamba hukatika. Nimewatoa majini watu wazima wenye mbao za bei kubwa waliobaki wanashangaa kwamba bahari ina kina.

Pwani yetu si ya mawimbi makubwa. Miamba ya matumbawe huyavunja mbali, ndiyo maana Paje watu hupanda upepo kwa tiara zaidi kuliko wimbi. Penye mlango wa mwamba, au pale ambapo mto umezuia matumbawe yasiote, wakati wa kusi, wimbi hupita, na watoto wa Dar es Salaam hulipanda kwa vipande vya povu la masanduku ya samaki, kifudifudi, bila kufundishwa na mtu. Hao hawana haja na mimi.

Wewe uliyekua bara, au uliyekulia pwani lakini hukuwahi kuruhusiwa kuingia majini, jambo ambalo wanawake wengi wa rika langu wanalijua, anza na kuelea. Kisha kifudifudi. Ubao mkubwa uje baadaye, na fulana ya mikono mirefu tangu siku ya kwanza. Na ukienda ufukwe usio wako, mtafute kijana wa pale kabla hujalowesha mguu, umuulize mkondo unatokea wapi, mwamba uko wapi, maji yakipwa kinabaki nini. Umsikilize, halafu umlipe kama ungemlipa mwalimu mwingine yeyote.